Akina Pemberton wa Kibondo

Jumapili, Kasulu.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukatika. Barabara ya kwenda sokoni imekuwa tope jekundu tupu. Duka la dawa sijafungua. Mama amelala kitandani kwangu, kajifunika blanketi mpaka puani, na mimi nimekaa sebuleni na dharau yangu.

Sio hasira. Hasira naijua, hunipanda na ikishuka imeshuka. Hii imenikaa kifuani tangu jana kama tonge lililogoma kushuka, na ninayemdharau ni mtu niliyekaa naye tumbo moja.

Naandika ili nipumue.

Mimi, dada, ni Bukuru; yeye, kaka, ni Toyi. Kwa asiyejua majina ya kwetu: pacha anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Toyi, wala hakuna mzazi anayeumiza kichwa kuchagua. Baba yetu aliitwa Ntamahungiro. Maana yake hakuna pa kukimbilia. Babu alimpa jina hilo kule Burundi, naye akaja kukimbia hata hivyo, akiwa kijana na mke aliyemwoa majuzi tu. Wakalima kwanza Munanila, halafu wakahamia Heru Juu, na Heru Juu ndiko tulikozaliwa. Uraia tunao. Muhogo tumeupanda huku, Baba tumemzika huku.

Siku hizi kaka yangu anaishi Kibondo, ana magari mawili ya mizigo, anautaka udiwani, na anaitwa G. T. Pemberton. G ni Gideoni. T ni Toyi, lakini ukimuuliza anasema ni Thomas.

Pemberton alikuwa mmishonari wa Kiingereza. Baba alimpikia miaka mingi. Mzungu mwenyewe lile jina la Ntamahungiro lilimshinda mdomoni, akawa anamwita Tom, na Baba akawa anaitika. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia Baba sufuria moja yenye mkono uliolegea na kitabu cha mapishi ambacho Baba hakuweza kukisoma. Basi. Huo ndio undugu wetu na Pemberton, mwanzo hadi mwisho.

Kwa simulizi ya Toyi, Baba alilelewa na Pemberton kama mwanawe wa kumzaa. Sijui lini alianza kuisema. Kwanza ilikuwa utani, halafu ikawa kwenye kadi zake za biashara, halafu ikawa kwenye vyeti vya watoto.

Binti yake wa kwanza, Editha, anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ilikuwa jana Kibondo. Kadi ya mwaliko ilinifikia dukani, nikaiacha mezani. Jirani yangu Mzee Suleimani, muuza vifaa vya ujenzi, aliyezaliwa hapa hapa Kasulu lakini mama yake alitoka visiwani, akaiokota na kusoma kwa sauti: Familia ya Pemberton inayo furaha.

"Bukuru! Kumbe nyinyi watu wa Pemba? Mbona hukuniambia? Mama yangu mimi wa Wete."

Nilicheka mpaka mteja akaogopa. Laiti ningejua, hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho.

Juzi Toyi akanipigia. Hakunisalimu.

"Utakuja na Mama?"

"Ni bibi wa bibi harusi. Unataka aje na nani?"

"Sawa. Lakini umwambie asiongee Kirundi ukumbini. Kuna wageni wazito. Na yale mambo yake ya kukimbia, ya ukimbizi, asiyaanze. Akae, ale, apige makofi."

"Mwambie mwenyewe."

"Bukuru, nielewe. Sikuombi makubwa."

Nilimwambia nitafikisha. Sikufikisha. Ningeanzaje? Mama alikuwa ameshafua kitenge chake cha bluu, kile cha kwendea kanisani sikukuu, na ameshamtwangia mjukuu wake unga wa muhogo mweupe kama chokaa, akaufunga kwenye kapu jipya.

Lazima niseme na hili, maana nikiliruka nitakuwa nadanganya. Ninajua Toyi anakimbia nini. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya makarani, wakasoma jina langu, wakainua macho. Wewe ni wa wapi? Wa Heru Juu. Ndiyo, lakini asili yako hasa? Wakati huo mtu wa nyuma yako kwenye foleni anasogea ili asikie vizuri. Unatoka pale huku masikio yanawaka, na una karatasi zote mkononi. Kwa hiyo aibu ile ninaijua ladha yake. Angeitupa tu nisingemsema. Lakini hakuitupa, alimtwisha Mama.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya zambarau. Tulipoingia, kitu cha kwanza nilichokiona ni bango. Lilifunika ukuta mzima nyuma ya meza kuu, na juu yake maandishi ya dhahabu: AKINA PEMBERTON MASHUHURI DUNIANI.

Nilidhani macho yangu yana kasoro.

Toyi alikuwa ameingia mtandaoni, akakusanya kila mtu maarufu mwenye jina hilo, akawapanga kwa picha. Kulikuwa na jaji mwenye nywele za bandia kama manyoya ya kondoo. Kulikuwa na kanali mwenye masharubu, mama mmoja aliyeigiza filamu za zamani, mkimbiaji aliyetoa ulimi akikata utepe, na mzee mwenye miwani aliyeshika kisanduku cha mbawakawa, eti aligundua aina zao. Mwisho wa safu, mkubwa kuliko wote, Toyi. Suti ya kijivu, mikono kaikunja kifuani, uso wa mtu anayekaribia kutia saini kitu.

Watu hao hawamjui. Hawajuani hata wao kwa wao! Wanachoshirikiana ni jina tu, kama stendi ya Kibondo na stendi ya Kasulu zinavyoshirikiana kuitwa stendi.

Na mshereheshaji akawasoma, mmoja mmoja. Kila alipotaja mtu, wageni walipiga makofi. Watu wazima. Mwalimu mkuu mmoja ninayemfahamu, mwenye akili zake, alimpigia makofi mtu wa mbawakawa. Mama naye alipiga, kwa adabu, akaniinamia na kuniuliza kwa Kirundi kama wale wazungu ndio wanaomwoza mtoto.

Nikamwambia hapana Mama, ni picha tu.

Upande wa pili walikaa wakwe, watu wa Munanila. Wakulima, wamevaa makoti yao ya heshima, viatu bado vina tope la njiani. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, Mzee Minani, mrefu, mkavu, asiyecheka hovyo. Niliona hapigi makofi. Alilitazama lile bango kama mtu aliyepanda gari na sasa anaanza kushuku linakokwenda.

Ukafika wakati wa kutambulisha familia.

"Sasa tunaomba asimame kipenzi chetu, mama mzazi wa baba mwenye shughuli, Bibi Pemberton!"

Muziki ukapigwa. Hakuna aliyesimama.

"Bibi Pemberton, usione haya, simama wakuone!"

Mama akageuza shingo kutafuta huyo bibi amekaa wapi. Akatazama meza ya nyuma. Akatazama mlangoni. Mara ya tatu muziki ulikatwa, ukumbi ukawa kimya, na katika kimya hicho sauti yake ikasikika mpaka jikoni.

"Uyo ni nde?"

Huyo ni nani. Wanaojua walicheka, wasiojua wakauliza. Toyi alikuwa ameinamisha kichwa na kusugua paji la uso kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya darasani akikosa hesabu.

Mzee Minani akainuka. Hakuomba kipaza sauti. Alivuka katikati ya ukumbi mpaka mbele ya Mama, akavua kofia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu."

Halafu akageukia meza kuu. "Ndugu mwenye shughuli, samahani nakukatiza. Sisi tulipoletewa habari za binti huyu tuliuliza ni wa nyumba gani. Kijana wetu akasema, ni mjukuu wa Ntamahungiro wa Heru Juu. Hatukuuliza tena. Huyo ndiye aliyembeba baba yangu kwa machela, yeye na wenzake, kutoka Munanila mpaka misheni, baba hajitambui. Baba yangu akapona. Kwa jina hilo tumekuja hapa. Sasa tangu tumeingia nasikia Pemberton, Pemberton. Kama tumekosea nyumba, utuambie mapema."

Mshereheshaji akamsogezea Toyi kipaza sauti.

Hapo ndipo Toyi angeweza kuokoka. Naandika hivi na bado nashangaa jinsi alivyofunguliwa mlango mkubwa namna ile. Alitakiwa kusema maneno matatu tu: ni baba yangu. Wageni wangesahau kila kitu, wangekula pilau, na udiwani wake huenda angeupata kwa machozi ya watu.

Akashika kipaza sauti. Akatabasamu, lile tabasamu la kwenye bango.

"Mzee wangu, hujakosea. Ntamahungiro namfahamu vizuri sana. Alikuwa mpishi nyumbani kwa Pemberton. Mtu mwaminifu mno, Mungu amrehemu."

Mpishi. Mtu mwaminifu mno.

Ni kweli alikuwa mpishi, ndiyo ubaya wake. Kaka yangu alisimama mbele ya mama yake, akamfukuza baba yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakusema hata neno moja la uongo. Wifi yangu pale pembeni yake alijitia kurekebisha maua ya mezani, na watoto wake wadogo walitazamana.

Mama anaongea Kirundi kwa kupenda. Kiswahili anakielewa vizuri kuliko Toyi anavyofikiri. Alishika ukingo wa meza, akainuka taratibu, na nilipotaka kumsaidia akaniondoa mkono.

"Basi mimi ni mke wa mpishi," alisema. Hakupaza sauti. "Nimekuja kumtoa mjukuu wangu. Nikae wapi?"

Mzee Minani akavuta kiti chake mwenyewe, upande wa wakwe, akakifuta kwa kofia. Mama akaenda kukaa hapo. Akaweka kapu la unga miguuni kwa wageni wa Munanila na kuanza kuwasalimia mmoja mmoja, kwa Kirundi, nao wakamjibu kwa Kiha, na hakuna kati yao aliyehitaji mkalimani.

Nikabeba mkoba wangu nikamfuata. Nakiri nilitembea polepole makusudi, ili Toyi anione vizuri.

Kisha Editha. Alikuwa amekaa juu kabisa, kwenye kile kiti cha malkia, na nguo inayohitaji watu wawili kuishika. Aliikusanya mwenyewe mikononi, akashuka, akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akapiga magoti kwa bibi yake. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. Akamwambia, "Mwana wanje," mwanangu, na mengine sikuyasikia kwa sababu mimi pia nilikuwa na shida zangu na leso.

Sherehe iliendelea. Watu walikula, pilau haina ukoo. Toyi alikaa kwenye meza yake ndefu karibu peke yake, nyuma yake jaji, kanali, mkimbiaji na mtu wa mbawakawa. Hakuna hata mmoja wao aliyemsogezea glasi ya maji.

Niliona. Nikafurahi. Sina la kujitetea.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe: Mmeniaibisha mbele ya watu wa maana. Nimeusoma mara kadhaa nikitafuta mahali alipomtaja Mama. Hakuna. Kafika salama? Kalala wapi? Hakuna.

Baadaye akapiga Editha. Jumapili ijayo ndoa yao inatangazwa kanisani kwa mara ya mwisho. Amemwomba mchungaji asome jina la babu yake, na alitaka nimtajie herufi kwa herufi, maana vyeti vyake vyote vina lile jingine, na hili la babu hajawahi kuliandika. Nikamtajia. Akarudia polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mwisho akasema, "Shangazi, ni refu." Nikamwambia atalizoea.

Sasa hivi Mama ameamka, ameomba chai. Akaniuliza nani alikuwa anapiga, nikamweleza. Kisha, kwa ubaya tu, nikamsomea na ujumbe wa Toyi. Nilitaka anisaidie kumdharau. Kuifanya kazi hii peke yangu kunachosha.

Alipuliza chai yake. Akanywa kidogo.

"Mwache," alisema. "Siku akiugua ataniita kwa Kirundi."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama, nikaona hafanyi mzaha wala hamsemi mtu. Alikuwa anamngoja.

Mvua bado inanyesha. Ujumbe wa Toyi uko kwenye simu, haujajibiwa. Na mimi, Bukuru, niliyemtangulia kutoka, je, nitamngoja?

Leo, hapana.