Kitabu Chini ya Mirija

Dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, nalo linakuhusu wewe. Nitalisema mwishoni, kwa hiyo naomba usiruke mistari. Haya, hujambo? Masomo yanaendaje huko? Sisi wazima, na Baba amerudi nyumbani! Nimonia imekwisha. Sasa hivi anamfundisha Mama kukaanga vitunguu, na Mama amemwambia bora arudi wodini.

Lakini nusura abaki huko. Jumanne nilimpelekea chai, kisha nikaenda kumngojea Shangazi kule maabara anakofanya kazi. Huko damu husimamishwa saa nzima kwenye mrija mwembamba, halafu huangaliwa chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Zikishuka haraka, huenda kuna ugonjwa unafukuta mwilini. Jumapili, chembe za Baba zilishuka milimita ishirini na nne. Jumanne zikashuka sabini!

Daktari alikuna kichwa. Alisema ile protini ya damu inayotengenezwa na ini, ambayo nayo hupanda mtu akiugua, ilikuwa imeshuka vizuri kabisa. Alinieleza kuwa magonjwa hayafanani: nimonia hupandisha vipimo vyote viwili, lakini yapo mengine ambayo damu hutuama haraka huku protini imelala usingizi. Kwa hiyo Baba abaki wiki nzima achunguzwe upya. Baba alicheka, akasema damu yake imeambukizwa ubishi wa mkewe. Ila alikuwa anatoa nguo moja moja kwenye mfuko aliofungasha tangu alfajiri.

Nilishindwa kumtazama, maana nilijua. Shangazi hataki vitabu pale mezani. Niliposikia viatu vyake nilikisukumia nilichokuwa nasoma chini ya stendi yenye mrija wa Baba, ikainama. Na mrija ukiinama, chembe huteleza haraka. Nilimfuata Shangazi nikamwambia. Aliniita profesa wa balaa, akachukua damu nyingine, akausimamisha mrija wima, tukautazama saa nzima. Kumi na tisa! Alinikumbatia huku akinifinya sikio.

Asichojua ni kitabu cha nani. Ni chako, Dada, kile cha jalada la kijani ulichosema kisiguswe mpaka urudi. Kona moja imebonyea. Nisamehe.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Shangazi anauliza utakuja lini.

Jana nilikifuta vumbi, nikakilaza chini ya kamusi ili kinyooke, leo nimekirudisha kwenye rafu yako. Kwanza nilimalizia sura mbili zilizobaki.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa wa Balaa