Historia Niliyoifuta Mwenyewe

Jumanne, Handeni. Jua kali, vumbi hadi kwenye kibodi, nami nimeamka na hasira. Sitaki ushauri wa mtu.

Elias ni mwizi. Nataja jina ili asome hukohuko Korogwe. Programu ya kutafuta ng'ombe waliopotea kwa chapa zao na mikato ya masikio nimeiandika mimi, miaka miwili. Nilimpa kwenye flashi anirekebishie sehemu moja tu. Juzi kaiweka mtandaoni kwa jina lake. Nilipomuuliza akajibu, "Kwani ilikuwa na jina lako, kaka?" Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hutumia miguu yake mwenyewe.

Basi leo nikafungua repo ya wazi, ghala la mtandaoni ambako yeyote anachukua programu na kuona kila badiliko, nani kalifanya na lini. Kwenye kompyuta yangu historia yote ipo tangu mstari wa kwanza. Nilitaka kumuumbua mbele ya watu.

Kabla ya kupakia nikaipitia.

Mwanzoni, kwa majaribio, nilitumia ng'ombe wa kweli wa mzee Loshiro, mfugaji aliyenifundisha kusoma chapa. Jina lake, boma lake, idadi ya mifugo yake yote. Baadaye niliyaondoa hayo yote, lakini historia haisahau. Ukirudi nyuma unayakuta. Na kwa wafugaji wa kwao idadi ya ng'ombe haitangazwi. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza.

"Mwanangu, nilikuhesabia wewe," akasema. "Sikuwahesabia watu."

Heri angenitukana.

Nilijaribu kuyatoa mambo ya mzee peke yake. Kila nilipodhani yamekwisha, nikayakuta kwenye badiliko jingine. Mchana wote ukapotea hivyo. Mwishowe nikaacha historia nzima na kupakia toleo la mwisho tu. Ushahidi umebaki kwenye kompyuta hii, na siwezi kumwonyesha mtu bila kumwanika mzee.

Sijamsamehe Elias na sina mpango huo.

Sasa repo yangu ina tarehe moja, ya leo. Yake ina ya juzi. Jioni hii mgeni wa kwanza ameingia, nisiyemjua, akaacha ujumbe: kwa nini nimeiba kazi ya Elias?

Nimjibu nini?