Tope kwenye Yeboyebo za Mama

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wiki ya tano Mama amekaa. Goti la kushoto bado linalia kama bawaba. Nimemwekea kiti, redio, blanketi. Asubuhi supu ya makongoro, jioni bamia — ute wa goti urudi. Anasema bamia zimemtoka puani. Ale!

Kaka yangu Piusi alipita akitoka gereji. Anafufua magari ya watalii yaliyovunjwa na barabara za Ngorongoro, basi na mwili wa binadamu anaupima kwa spana. Goti ni beringi, anasema. Grisi ikiisha unaegesha gari. Kwa mara ya kwanza tumekubaliana bila ugomvi. Hata hilo linanitia wasiwasi.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki. Binti wa fiziotherapia, Naisula, mtu wa Piyaya, ananiambia nimwinue Mama atembee! Kidogo kidogo, kila siku. Goti halina tundu la kutilia grisi, anasema. Utando wa ndani ndio unaotengeneza ute, na gegedu lililofunika ncha za mifupa ni kama sponji: ukikanyaga linatema, ukiinua mguu linanyonya. Ukikaa tu, linakosa hata chakula chake. Na bamia? Mboga nzuri, akasema, akacheka.

Akacheka! Mimi niliyemkalisha diwani mbele ya kijiji kizima! Tena ukutani kuna bango la mradi. Wanataka majina ya kujaza ripoti ya wafadhili, wamtembeze mama yangu mpaka goti liishe. Nilimwambia usoni. Hakukasirika. Mtu anayeambiwa hivyo asikasirike ana lake jambo.

Njiani Mama aliniuliza tena habari ya ile sponji. Mara mbili.

Ijumaa, 6 Juni

Tope! Bichi, kwenye yeboyebo za Mama. Mtu asiyetoka barazani analikanyaga wapi? Labda mbuzi alizivaa, anasema. Mbuzi!

Na mbuzi mwenyewe, kule chini ya shamba, kahamishiwa kamba. Nani anamtoa Mama nikiwa mikutanoni? Piusi anaapa si yeye. Nashuku kliniki. Nimefunga geti kwa kufuli. Ufunguo mfukoni.

Jumamosi, 7 Juni

Nimenunua mguu wa ng'ombe bucha la Rhotia, pamoja na goti lake. Nikalipasua mwenyewe. Ute umo — kama wa yai, haujazi kijiko. Nikausugua kwa vidole: kwanza mzito, unavuta vidole. Nikaendelea. Ukalainika, vidole vikateleza. Nikaacha, ukawa mzito tena. Nikarudia. Mara nne.

Sijasema yule binti amepatia. Ng'ombe si mtu. Nimefungua vitabu vyangu vitatu vya afya. Viwili viko upande wake. Cha tatu hakigusi magoti kabisa.

Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti. Umepata unachotafuta? akauliza. Nikamjibu supu inachelewa.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nimekaa kizingitini tangu saa kumi na mbili, daftari pajani, nimnase huyo anayekuja kumtoa. Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Sasa saa mbili na nusu. Hajaja mtu.

Ametoka Mama. Gauni la kanisani, fimbo, yeboyebo zimeoshwa. Hakuna aliyekuwa akinitoa, anasema. Wewe ukienda kugombana na watu, mimi naenda kwa mbuzi. Mwanzo mara moja, siku hizi mara tatu. Tangu lini? Tangu wiki ya pili ya bamia!

Wiki tatu nzima, mbele ya macho yangu.

Aliposhuka ngazi nilitega sikio. Goti halikulia. Au kengele ya kanisa imelifunika — siwezi kuapa.

"Eva mwanangu, ufunguo. Misa ni saa tatu."

Nimemwambia ngoja. Kanisani ni mlima. Goti likimwachia njiani, nani atajibu? Naisula?

"Ng'ombe wa watu umempasua goti, bado hujaamini? Haya, inuka unifungulie."

Nimejaribu kuinuka. Nimerudi kukaa. Goti langu la kulia limeganda, na lilipojikunja limelia, kweupe kabisa, na Mama amesikia. Ameegemeza fimbo ukutani. Amenyoosha mkono, anangoja. Naandika ili nisiutazame.