Jembe la Krismasi

Jumamosi, 28 Desemba 1957

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa ni saa tisa alasiri bado inanyesha, ile nyembamba ya huku milimani isiyo na kelele wala mwisho. Nimekaa ghalani juu ya gunia la mahindi, daftari magotini. Mama anadhani nachambua maharage. Nayachambua pia, lakini polepole.

Leo nina aibu ambayo sijapata kuwa nayo, na nina shaka ambayo haijaisha. Nitaandika vyote viwili.

Nianze na zawadi.

Krismasi hii nimepata vitu vitatu, na hakuna hata kimoja nilichokitaka. Cha kwanza kilitoka katika lile sanduku linaloletwa misheni kila mwaka kutoka Ulaya. Nilipata glavu ya sufu. Moja. Ya mkono wa kushoto. Yule mama wa Kizungu aliyekuwa akigawa alinipigia makofi nilipoivaa, nami nikasema asante, maana ningesema nini? Cha pili ni viatu kutoka kwa Baba, vipana hata nikitembea navyo nasikia vikinifuata nyuma. "Utakua," alisema Baba. Nina miaka kumi na sita. Nilikwisha kua.

Mwalimu wetu wa Kizungu alitueleza kwamba kwao watu hupewa zawadi hata siku waliyozaliwa. Mimi siku yangu siijui, najua ya ubatizo tu, kwa kuwa imeandikwa kitabuni misheni. Nilifikiri: kumbe wenzetu hupata vitu wasivyovihitaji mara mbili kwa mwaka.

Cha tatu ni jembe.

Lililetwa na Mama Elia, jirani yetu, mjane ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Mwanawe Elia anaendesha lori kati ya Iringa na Mbeya. Mama Elia hajui kusoma, kwa hiyo kila nikiwa likizo mimi ndiye ninayemsomea barua za mwanawe. Alasiri ya Krismasi alikuja na Elia mwenyewe, amebeba kitu kilichofungwa kwa gazeti, akaniwekea mikononi. Nikapiga goti kidogo, nikakipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Kilikuwa kizito. Mungu anisamehe, nilidhani ni vitabu.

Nikafungua. Jembe jipya, halina mpini, bado lina rangi nyeusi ya dukani.

"Umelipenda?" aliuliza Mama Elia.

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo kwa kila jambo watu wakinitazama.

Elia alikuwa akitazama mbuzi nje. Aliniuliza swali moja tu: "Shule mnafungua lini?"

Kwa nini alitaka kujua?

Walipoondoka tukaketi kula, na Bibi, mama yake Baba, ambaye masikio yake yamechoka lakini ulimi haujachoka, alilishika lile jembe akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Alisema kwamba enzi zao watu wa mchumba hawakuanza kwa maneno. Walileta jembe lisilo na mpini. Msichana akilipokea kwa mikono miwili, amekubali. Akikataa, hulirudisha akalilaza kimya mlangoni kwa wale waliolileta, makali yakitazama nje, kisha huondoka bila kugeuka nyuma. Dada yake Bibi alifanya hivyo mara mbili.

Wote walicheka. Mama alicheka huku akimtazama Baba. Baba hakucheka.

Usiku ule nikaanza kukumbuka mambo. Juma moja kabla ya Krismasi nilikuwa nyuma ya jiko nasugua sufuria, nikamsikia Mama akimwambia Baba, "Na akirudi shule, huyo tutamjibu nini?" Jibu la Baba sikulisikia. Tangu nifike likizo Mama ameniambia mara mbili nijifunze kupika togwa isiyo na madonge. Isitoshe, ameacha kunigombeza ninaposoma mchana. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtu haachi kugombeza bure.

Januari natakiwa kuingia darasa la nane. Tulioanza pamoja tulikuwa wengi, na kila likizo anapungua mmoja. Sabina, aliyekuwa akilala kitanda cha jirani na changu, alikwenda kwao likizo ya Juni. Tuliporudi godoro lake lilikuwa limekunjwa. Hakuna aliyetuambia lolote. Mwalimu alipoita majina aliliruka jina lake tu, kama mtu anayeruka dimbwi.

Sitaki kurukwa.

Najua, ningeweza kumwuliza Mama. Msichana mwingine angemwuliza. Lakini nikimwuliza, naye akasema ndiyo, itakuwa kweli. Tena mimi maneno yakifika kooni hurudi yalikotoka. Ile desturi ya Bibi ilinifaa kwa sababu haikuhitaji kusema hata neno moja.

Kwa hiyo jana Ijumaa asubuhi, Mama Elia akiwa shambani kwake anapalilia, nililichukua jembe, nikavuka kijito, nikalilaza mlangoni kwake. Makali nje. Nikageuka nikaenda. Sikutazama nyuma. Nilijiona jasiri kwa mara ya kwanza maishani, nikatembea hivyo hatua kama ishirini, mpaka nilipokutana na wanawake watatu wakitoka kuteka maji. Waliniona mimi, wakauona mlango, wakaliona jembe. Aliyekuwa akiimba akaacha kuimba.

Leo asubuhi mvua ilituzuia kwenda shambani, wote tukawa ndani. Mara akaingia Mama Elia, gunia kichwani, jembe mkononi. Elia alikuwa nyuma yake, amelowa.

"Kamwene," alisema, salamu ya kwetu, lakini hakungoja tuitikie. Akaliweka jembe katikati ya chumba. "Baba Damari, nimekuja kuuliza. Mwanangu amekataliwa na nani?"

"Amekataliwa wapi?" aliuliza Baba.

"Mlangoni kwangu. Makali nje. Kijiji kizima kinajua, tusiojua ni sisi tuliokataliwa."

"Mama, waambie na habari ya Igawa," alisema Elia.

"Nyamaza, ndiko ninakokwenda. Huyu ana mchumba wake Igawa. Wazee wa yule binti wakisikia kwamba huku alirudishiwa jembe, watauliza ana kasoro gani. Na watasikia! Malori yanapita Igawa kila siku, na umbeya haulipi nauli."

Mama alinigeukia. "Damari! Ni wewe?"

Nikasema ndiyo. Safari hii ilikuwa kweli.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na mengi ya kueleza. Niliyapanga vizuri kichwani, yakiwa na mwanzo na mwisho. Yaliyotoka ni haya tu: "Halina mpini."

Baba alijishika paji la uso. "Mwanangu. Majembe yote ya dukani hayana mpini."

Elia ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mama yake, aliyekuwa amejiandaa kukasirika muda mrefu zaidi, akashindwa, akaketi kwenye kigoda.

"Nilikuona unapalilia na kile kipande cha jembe cha mama yako," aliniambia Mama Elia, "nikamwambia Elia aniletee jipya kutoka Mbeya. Unanisomea barua, mimi nikupe nini? Kitabu? Kizuri ningekijuaje? Jembe nalijua. Halafu nikutake uwe mkwe wangu ili iweje? Barua za mwanangu atanisomea nani? Mke wake? Si atanisomea anayoyataka yeye!"

"Na mimi niliuliza shule inafungua lini," alisema Elia, "nikupeleke na lori usiende kwa miguu. Sasa naogopa hata kukuuliza saa ngapi, usije ukanitupia sururu."

Wote wakacheka, hata mimi kidogo, huku nikitamani kuingia chunguni. Bibi alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amesikia nusu. Akauliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Kwa hiyo siye huyu? Basi yule wa Idodi bado anangoja?"

Kicheko kilikatika.

Kumbe sikuwa mwendawazimu. Nilishuku jambo lililokuwepo, ila niliwashuku watu wasiohusika.

Baba alilitazama jembe. Mama alianza kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Mimi nilitaka kuuliza. Mama Elia ndiye aliyeuliza.

"Wa Idodi yupi?"

"Mwenye duka," alisema Baba.

"Yule mgane mwenye watoto wanne?"

"Watatu," alisema Mama, taratibu.

"Watatu. Na umemjibu nini?"

"Nimemwambia angoje."

"Angoje nini, Baba Damari? Mvua ikatike?"

Sidhani kama Baba angemjibu Mama swali hilo. Mimi asingenijibu kabisa. Lakini nyumba yetu ilikuwa imemwaibisha huyu mama mbele ya kijiji kizima, naye alikuwa ameketi mbele yake, akitiririka maji, hana haraka. Baba alikohoa.

"Damari anarudi shule. Anamaliza darasa la nane. Nimesema."

"Umesema mbele yangu," alisema Mama Elia. "Na mbele ya Elia, ambaye hajui kunyamaza." Akasimama, akalichukua jembe. "Hili naondoka nalo. Atalipata likiwa na mpini."

Baba akanipa adhabu yangu. Kesho baada ya ibada nitawafuata wale wanawake watatu, mmoja mmoja, niwaambie kwa kinywa changu mwenyewe kwamba Elia hakuniposa na mimi sikumkataa. Nilimwomba niwaandikie barua. Alisema hawajui kusoma, nami najua kwamba hawajui.

Hayo ndiyo ya aibu. Sasa ya shaka.

Ningepaswa kufurahi. Naingia darasa la nane! Lakini nimekaa hapa ghalani nikiyageuzageuza maneno ya Baba kama ninavyoyageuza haya maharage, natafuta yaliyotobolewa. "Anamaliza darasa la nane." Hakutaja la tisa. Na yule wa Idodi hajaambiwa hapana, ameambiwa angoje. Mtu mwenye duka anaweza kungoja mwaka mmoja, ana pa kukaa. Je, Baba aliyachagua maneno yale makusudi? Au alisema tu ili Mama Elia aende zake? Na Mama, aliyekuwa akijua hata idadi ya watoto, yeye anataka nini?

Nimeandika maswali matatu na hakuna hata mtu mmoja wa nyumbani anayejua kwamba ninayo.

Hapo ndipo naona nilipokosea. Jembe ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba juma zima nimeishi na watu wa nyumbani kwangu kama mpelelezi, nikizisoma nyuso zao, nikitegesha masikio nyuma ya jiko, kwa sababu naogopa kusikia sauti yangu mwenyewe. Nikiendelea hivi nitamaliza mwaka mzima nikishuku, na Desemba ijayo nitajikuta nalaza kitu kingine mlangoni kwa mtu mwingine.

Baba yuko zizini, namsikia akigonga nguzo. Mvua imepungua. Nikiiweka kalamu sasa hivi, kabla sijaanza kufikiri, labda nitafika nikiwa bado nina sauti.

Naenda.

Saa kumi na moja.

Nimeuliza.

Nilisimama nje ya zizi mpaka aliponiona, akasema, "Una nini?" Nikasema, "Na baada ya darasa la nane?" Sauti ilitoka kubwa mno, mbuzi wakashtuka. Baba hakunigombeza. Aliendelea kugonga nguzo. Kisha akasema, akiitazama nguzo na siyo mimi:

"Kuna mtihani mwisho wa mwaka. Ukifaulu kwenda la tisa, utakwenda, na wa Idodi ataoa mwingine. Ukishindwa, tutazungumza tena, na wakati huo usije ukanitazama kwa macho hayo."

"Macho gani, Baba?"

"Hayo ya kunihesabia dhambi. Unadhani siyaoni?"

Akanipa nguzo nimshikie. Tulifanya kazi mpaka zizi likasimama.

Nimeiandika ahadi yake hapa, na tarehe iko juu. Namwamini. Najishangaa kuandika hivyo, lakini namwamini, maana mtu anayetaka kudanganya angenipa jibu tamu kuliko hilo.

Kwa hiyo sasa hakuna mtu ninayemshuku katika nyumba hii. Ninachoshuku ni hesabu yangu. Muhula uliopita nilipata thelathini na nane katika mia, na sikumwonyesha mtu yeyote.

Kuna mwanga wa saa moja hivi kabla giza halijaingia. Nitaanza na sehemu, kisha desimali. Maharage yatangoja.