Majivu ya Baba

Annegret, nyumba ya Baba imeungua. Yeye mzima. Nyumba ndiyo haipo, umebaki ukuta wa jikoni tu.

Unamjua na majivu yake. Kila theluji ikianguka anayachota kwenye jiko la kuni, anayatia kwenye boksi, anayaweka kibarazani ayamwage juu ya barafu, mleta barua asiteleze. Jana yalikuwa na makaa bado. Boksi la karatasi, Annegret. Kwenye kibaraza cha mbao.

Leo kaja Hartwig, yule bwana wa bima. Akauliza kwa upole, "Mzee, majivu uliyaweka kwenye nini?"

Nikamkanyaga Baba mguu anyamaze. Wapi.

"Kwenye boksi. Miaka yote naweka kwenye boksi."

Kwenye boksi. Kasema mara mbili, na kichwa juu.

Hartwig akainamisha macho. "Nilikusihi uchukue ile bima inayolipa yote hata kosa likiwa lako. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Anakumbuka. Hata mimi nilikuwepo, na nilicheka Baba alipomjibu: "Bima ya kulipia uzembe ni ya wazembe."

Sasa watalipa sehemu tu. Labda wasilipe kitu.

Nakuandikia nikiwa kwenye gari. Baba yuko uani na koleo. Anachota majivu ya nyumba yake, anayamwaga njiani juu ya barafu. Nimeshusha kioo nikamuuliza anafanya nini.

"Yule bwana anarudi kesho kupiga picha," kasema. "Asije akateleza."