Noti Bikira ya Bwana Dias

Jumatatu, 4 Agosti 1947

Bwana Dias, karani wetu Mgoa, ana wazimu wake: anakusanya noti. Leo kanionyesha zile za shilingi moja za wakati wa vita, kila moja na bahasha yake, kila moja na cheo chake! Iliyokunjwa mara moja — mgonjwa. Mara nne — maiti. Ambayo haijapata kukunjwa wala kuguswa na jasho — bikira. Akipata bikira atainunua kwa shilingi ishirini. Noti ya shilingi moja! Nusura nimshike kipaji cha uso nione kama ana homa.

Lakini shilingi ishirini ni kitanda cha chuma, na mimi na Kafedha tunaoana mwezi ujao.

Jumanne, 5 Agosti

Nimezunguka Frere Town mpaka Mtopanga nikiulizia bikira. Kazi bure. Wanawake wa huku pesa huzifunga kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo. Nimeonyeshwa maiti watupu. Mmoja alinuka papa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata! Kwa Mama Mwidani muuza mafuta ya taa. Aliisahau ndani ya kitabu cha nyimbo tangu vita. Nimempa shilingi ya sarafu, akaniona zuzu.

Jioni Kafedha alipita chumbani kwangu, akataka kuishika. Nikapiga ukelele — usiguse! Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ameshaondoka, hata kwaheri hakuna. Kanuna, najua.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa! Mtopanga nzima inasema: Charo anatafuta bikira kwa shilingi ishirini, na tangazo la ndoa yake limeshasomwa kanisani mara mbili! Mzee Nguma, babake Kafedha, hakuitikia shikamoo yangu. Jumapili naitwa mbele ya wazee wa kanisa. Wakiamini uvumi huu, tangazo la tatu halisomwi na Kafedha simpati. Naogopa kweli. Nitamwomba Bwana Dias aje anitetee.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nje ya kanisa. Wamenitoa.

Nilieleza vizuri tu: bikira ni noti. Mzee Nguma akaniuliza, karatasi ina ubikira gani, mwanangu? Nikamsimamisha Bwana Dias na tai yake na kioo chake cha kukuzia. Akaiinua noti dirishani. Akaitazama weee! Kisha, kwa Kiswahili chake kile, akapaza sauti mbele ya wazee wote:

“Charo, wewe danganya mimi! Huyu si bikira. Mtu amekunja huyu!”

Mama mmoja akaziba mdomo.

Kafedha akasimama kule nyuma. “Ni mimi, baba. Wivu ulinishika, nakemewa kwa ajili ya karatasi! Nikaikunja palepale chumbani kwa Charo.”

“Chumbani kwa nani?” akauliza Mzee Nguma.

Basi tumetolewa sote wawili. Kafedha yuko kando yangu anacheka mpaka machozi, na mimi, wallahi, nampenda kuliko kitanda chochote. Ndani wazee wamembana Bwana Dias, maana ndiye mtaalamu wa bikira. Namsikia analia: yeye anajua karatasi, jamani, karatasi tu —