Popi Haendi Laare

Mwalimu wangu,

Nimemnyima kaka yako mbwa. Naanza na hilo ili usilisikie kwa mwingine, maana hapa Kiirua maneno yana miguu.

Mzee Mwirigi alikuja wiki ya tatu baada ya kukuzika, na koti lake la kanisani, akasema anamchukua Popi wako akalinde shamba lake la miraa kule Laare. Nikampa fomu, ile ile tunayompa kila anayekuja kuchukua mbwa kati ya hawa waliotupwa tunaowalea. Akacheka. Eti hawezi kujaza karatasi ili apewe mbwa wa dada yake. Nikamwambia basi nitakuja kuona boma, kama ulivyokuwa ukifanya. Hakupenda, lakini nilienda.

Sikuuliza wakubwa, nilifuata ulivyonifundisha. Nilimuuliza mjukuu wake, kasichana ka miaka sita hivi, mbwa wao wa kwanza alikuwa analala wapi. Akanipeleka kwenye kibanda cha mabati nyuma ya zizi, kidogo kama kizimba cha kuku. Akasema, "Tiger alikuwa anafungiwa hapa mchana yote ndio akuwe mkali." Mlango wa mbao ulikuwa umekwaruzwa kutoka ndani, Mwalimu. Sijawahi kukasirika hivyo nikiwa nimeshika chai ya mtu.

Nilimkumbuka mbwa wetu wa kwanza, yule tuliyempa mzee wa kanisa bila kuuliza chochote, kwa sababu ni mzee wa kanisa. Tulimkuta mnyororo umemwingia shingoni. Ulilia njia nzima, ukafika nyumbani ukaandika sheria: boma lionekane, familia yote ikubali, mbwa afungwe kizazi kabla hajatoka, asitiwe mnyororo, na akikushinda umrudishe kwetu. Watu wakasema ni rahisi kupata mke kuliko mbwa wa Mwalimu. Ukawajibu kwamba mke akiteswa anaweza kurudi kwao.

Waendelee kusema. Nilimkatalia kaka yako pale pale, mbele ya mkewe. Akaniambia mimi ni wa kuosha sufuria za mbwa tu, na Popi ni wa familia. Hapo niliogopa, sikufichi. Nilirudi nikafungua faili zako nikitafuta chochote cha kunitetea, nikakuta fomu ya Popi. Kumbe ulijijazia mwenyewe, kwa mwandiko wako wa ubaoni. Lile swali la mwisho ambalo watu hulichukia, wakidhani tunawaombea mabaya: ukifariki, mbwa atabaki na nani? Umeandika, "Gakii." Na chini yake: "Lakini mtu aende aone kwake kwanza."

Nilicheka nikalia. Miaka kumi na moja nimekula kwako, na bado hukuniamini bila kukagua!

Nikamwita jirani aje akague. Akapata ua una tundu karibu na choo. Nikaliziba siku hiyo hiyo, na Popi akahamia kwangu. Fomu yako nilimwonyesha Mzee Mwirigi. Tangu hapo hanisalimu kanisani, na mimi huketi benchi la mbele yake makusudi.

Pumzika, Mwalimu. Nami nimejaza fomu yangu, na kwenye swali lile nimeandika jina la binti yangu. Nimemwambia kwake patakaguliwa. Amenuna. Hata askofu akija kutaka mbwa, nitaenda kwanza nione analala wapi.

Wako,
Gakii